Mzungu wa Kazi: Maisha ya Alexander Mackay

Anayesimama Malaba au Busia, upande wa Kenya, huona malori yamejipanga yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Ndani ya ofisi za forodha, hati za mizigo husomwa kwenye tarakilishi. Nje, kando ya barabara, mafundi wa rununu huketi vibandani mwao wakiwa na bisibisi na vipuri vya kila aina. Wateja hubishana papo hapo kuhusu simu iliyo bora, ipi ina kamera safi na ipi hudumu na chaji. Fundi aghalabu hushiriki mjadala huo kwa maneno machache, maana yeye amekwisha kuzifungua zote na kuona yaliyomo ndani.

Tofauti hiyo baina ya anayekistaajabia chombo na anayekifahamu ni ya zamani katika nchi hizi za ziwa. Hakuna maisha yanayoidhihirisha vizuri zaidi kuliko yale ya Alexander Murdoch Mackay, mhandisi kutoka Uskoti aliyeishi Buganda katika siku za Kabaka Mutesa na Kabaka Mwanga. Wenyeji walimwita Mzungu wa Kazi. Jina hilo ni la Kiswahili, na kwa kuwa alipewa katika nchi ambayo lugha yake ni Kiganda, linatueleza mengi kumhusu yeye na kuihusu lugha yetu vilevile.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Aberdeenshire. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, naye ndiye aliyemfundisha nyumbani katika miaka ya utotoni. Mzazi huyo alitaraji kwamba mwanawe angemfuata katika uchungaji. Mtoto, hata hivyo, alivutwa na karakana ya mhunzi, kinu cha kusaga nafaka na garimoshi. Alikuwa tayari kutembea mwendo mrefu hadi stesheni ili aione injini ya mvuke kwa dakika chache tu. Alipofikia umri wa kwenda chuoni, alisomea kwanza ualimu mjini Edinburgh, kisha uhandisi. Mwaka 1873 alikwenda Ujerumani, akaajiriwa Berlin kuchora ramani za mashine. Huko alibuni mashine ya kilimo iliyopata tuzo ya kwanza katika maonyesho ya Breslau. Njia ya utajiri ilikuwa wazi mbele yake.

Mnamo Novemba 1875, gazeti la Daily Telegraph la London lilichapisha barua ya msafiri Henry Morton Stanley, iliyodai kwamba Kabaka Mutesa alitaka walimu. Shirika la CMS lilianza kutafuta watu wa kutumwa, na Mackay akajitolea. Aliondoka Uingereza Aprili 1876 akiwa miongoni mwa watu wanane wa msafara wa kwanza, akafika Zanzibar mwishoni mwa Mei. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Safari ya bara haikuwa nyepesi. Alishikwa na homa kali njiani, akalazimika kurudi pwani. Badala ya kukaa bure akingoja kupona, mwaka 1877 aliongoza kazi ya kufyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, umbali wa takriban kilomita 370, ili magari ya kukokotwa na ng'ombe yapite. Katika miezi hiyo ndipo alipojifunza Kiswahili. Wakati huo Askofu Edward Steere alikuwa akitafsiri maandiko kwa Kiswahili na kuyapiga chapa Zanzibar, na machapisho hayo yakawa sehemu ya mzigo wa Mackay. Kabla ya mwaka kwisha, wawili kati ya wenzake, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa huko Ukerewe.

Juni 1878 alifika Kagei, kusini mwa Ziwa Victoria. Mizigo ya msafara ilikuwa imelundikwa humo bila mpangilio: vipande vya injini ya mvuke, mabomba, misumari, herufi za chapa na mashine ya kupigia chapa, vingi vikiwa vimeshika kutu. Mtu mwingine angeona rundo la takataka. Mackay aliketi akavichambua, akavisafisha, akaunganisha kipande kwa kipande hadi vikaanza kufanya kazi. Aliikarabati pia mashua iliyoharibika. Novemba 1878 aliingia Rubaga, makao makuu ya Mutesa.

Alipofika ikulu, Kiganda hakukijua. Hata hivyo hakuhitaji kunyamaza. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamefika Buganda miaka mingi kabla yake, na Mutesa mwenyewe alikifahamu Kiswahili na kuweza kusoma hati za Kiarabu. Basi mazungumzo ya kwanza ya Mackay na Kabaka, pamoja na masomo yake ya mwanzo, yalifanywa kwa Kiswahili. Kiswahili kilikuwa daraja la maarifa mapya kabla ya shule yoyote rasmi kujengwa katika nchi hiyo.

Mutesa alimpa mahali pa kuishi Natete. Hapo Mackay alijenga karakana: tanuri, mivukuto, fuawe, tezo na jiwe la kunolea lililozungushwa kwa mkono. Watu walimiminika kutazama. Alipochimba kisima na kukitia pampu, wengi waliona maji yakipanda juu wakadhani ni uchawi. Hapa ndipo msimamo wake ulipojitokeza. Angeweza kuuacha uvumi huo umjengee heba, kama walivyofanya wageni wengi wenye vyombo vya kigeni. Yeye aliwaonyesha vijana namna pampu inavyofanya kazi, akawapa nyundo, akawataka wajaribu wenyewe. Alishikilia kwamba ufundi na imani ni kazi moja, na kwamba anayefundisha dini bila kufundisha kazi ya mikono ametimiza nusu ya wajibu wake. Wahenga wetu walikwisha kuliona hilo waliponena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Ikulu ilikuwa na maoni tofauti kuhusu zana za Wazungu. Mutesa alikuwa mtawala mwerevu aliyezungukwa na tishio la Misri kutoka kaskazini, na alichokitamani zaidi ni bunduki na baruti. Kwake, mgeni mwenye mashine alikuwa na thamani iwapo mashine hizo zingeimarisha ufalme. Mwaka 1882, mamake Kabaka alipofariki, Mackay aliombwa kuunda jeneza la kifahari. Alitengeneza majeneza matatu, moja likiingia ndani ya jingine, makubwa mno kwa vipimo vya kawaida. Kazi hiyo ilimpa sifa kubwa nchini, ingawa haikuwa kazi aliyoijia.

Kazi aliyoijia ilikuwa chapa. Kwa kuwa herufi alizokuwa nazo hazikutosha, alichonga nyingine za mbao kwa mkono wake na kupiga karatasi za kufundishia kusoma. Kadiri Kiganda chake kilivyokua, alianza kutafsiri na kuchapa kwa lugha hiyo. Vijana wa ikulu walizigombea karatasi hizo. Haikuchukua muda, kusoma na kuamini vikawa kitu kimoja katika fikra za watu, na wafuasi wa dini mpya wakaitwa wasomaji. Machi 1882 watano wa kwanza walibatizwa.

Mackay hakuwa malaika. Alikuwa mkali wa maneno na mwepesi wa kushindana. Aliwapinga wamishonari Wakatoliki waliofika mwaka 1879 na wafanyabiashara Waislamu, tena mbele ya Kabaka, hata baraza likageuka uwanja wa malumbano. Mbegu za mgawanyiko wa kidini uliokuja kumwaga damu Buganda zilipandwa na pande zote, na yeye hawezi kuondolewa katika hesabu hiyo.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akarithi kiti akiwa kijana bado. Kabaka mpya aliingiwa na hofu kuhusu wageni na wasomaji wao. Mnamo Januari 1885, Mackay na mwenzake Robert Ashe walikuwa njiani kwenda ziwani walipozuiwa, na vijana waliokuwa nao wakakamatwa. Tarehe 31 mwezi huo, vijana watatu, Kakumba, Sserwanga na Lugalama, walichomwa moto. Walikuwa wanafunzi wa nyumba ya Mackay.

Mwaka huohuo ndio unaoyaunganisha maisha yake na nchi ya Busia na Malaba. Waganda walikuwa na imani ya kale kwamba atakayeiteka nchi yao angetokea mashariki, upande wa Busoga. Mackay aliijua imani hiyo na hatari yake. Askofu James Hannington, aliyeteuliwa kuongoza kanisa jipya, aliamua kuacha njia ya kawaida ya kusini na kupita Umasaini. Onyo la kumzuia asiifuate njia hiyo halikumfikia kwa wakati. Tangu 1879 waya wa simu ya maandishi uliopita chini ya bahari ulikuwa umeifikia Zanzibar, na habari za London ziliweza kufika kisiwani upesi. Lakini kutoka pwani hadi ziwani habari iliendelea kwenda kwa miguu ya mpagazi. Teknolojia ilikuwa imefika nusu ya njia.

Hannington alifika kwa Sundu, mahali paitwapo Mumias leo, akaacha huko sehemu kubwa ya msafara wake. Akiwa na watu wapatao 50 alielekea magharibi, akaipita nchi iliyo baina ya Mumias na Busoga, ambayo siku hizi imekatwa na mpaka wa Kenya na Uganda. Huko Busoga alikamatwa kwa Luba, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa kwa amri ya Mwanga pamoja na wengi wa wapagazi wake. Mackay na Ashe walikuwa wamekwenda ikulu kumwombea bila kufanikiwa.

Mwaka 1886 mateso yaliongezeka, na wasomaji wengi, Waprotestanti kwa Wakatoliki, wakauawa. Mauaji makubwa zaidi yalitokea Namugongo tarehe 3 Juni. Katika siku hizo Mackay aliendelea kuchapa. Alichapa barua za kuwatia moyo waliojificha, na kurasa za Injili ya Mathayo kwa Kiganda. Karatasi ndogo iliweza kufika mahali ambapo mwalimu mwenyewe hangethubutu kukanyaga.

Julai 1887 alilazimishwa kuondoka Buganda. Alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, akaanza tena kufyatua matofali, kufua chuma, kuunda mashua na kutafsiri. Mnamo 1889 Stanley alipita hapo akirudi kutoka kumtafuta Emin Pasha, akamkuta akiwa kazini na akavutiwa mno na alichokiona. Katika barua zake za miaka hiyo, Mackay alihimiza mambo mawili. La kwanza ni reli kutoka pwani, kwa sababu aliamini kwamba biashara ya utumwa haingekoma maadamu mizigo ilibebwa vichwani. La pili ni vituo vichache imara ambamo Waafrika wenyewe wangefunzwa kuwa walimu na mafundi. Alishauriwa arudi kwao apumzike, akakataa. Februari 1890 homa ilimshika, akafa akiwa na umri wa miaka 40. Hakuwa amerudi Ulaya tangu 1876. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishwa hadi Namirembe, Kampala.

Reli aliyoitaka ilijengwa. Ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901, na baadaye tawi lililopita Malaba likafika Kampala mwaka 1931. Lakini pamoja nayo ulikuja ukoloni. Hadi mwaka 1902 nchi ya Busia na Malaba ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo mstari ulichorwa upya, nao Wasamia na Wateso wakajikuta wamegawanywa pande mbili. Mashine ileile iliyopunguza mzigo kichwani mwa mpagazi iliwabeba pia watawala.

Ombi lake la pili lilizaa matunda ya namna nyingine. Mwaka 1896, miaka sita tu baada ya kifo chake, Biblia nzima ilikuwa imekamilika kwa Kiganda. Apolo Kagwa, mmoja wa wasomaji wa kizazi kile cha mateso, alikuwa Katikiro wa Buganda, akaandika historia ya wafalme wa nchi yake. Mwaka 1902 yeye na katibu wake, Ham Mukasa, walisafiri hadi London kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward VII, na Mukasa akaiandika safari hiyo kwa jicho la Mwafrika anayezichunguza mashine za Wazungu nyumbani kwao.

Injini iliyounganishwa Kagei haizungumzwi tena, na kisima cha Natete kimebaki katika vitabu. Kilichodumu ni ujuzi uliohamia mikononi na vinywani mwa watu, kwa lugha walizozifahamu: kwanza Kiswahili, kisha Kiganda. Vyombo vya leo vinavyopita Malaba na Busia ni vyepesi kuliko herufi za Mackay na vina nguvu maradufu. Swali aliloliacha kuhusu vyombo hivyo ni lilelile: ni wangapi watakaofundishwa kuvifungua, na kwa lugha gani.