Gary Kildall: Mwenye mfumo endeshi aliyeshindwa kwa bei

Mnunuzi mmoja wa alizeti na ufuta pale Kolo, wilayani Kondoa, alinipigia simu akiwa dukani Dodoma mjini. Alitaka kompyuta mpakato ya kuwekea hesabu za magunia na fedha anazowakopesha wakulima. Muuzaji alimwekea mbili mezani, zinazofanana kwa kila kitu, ila moja ilikuwa na Windows 11 Home na nyingine Windows 11 Pro, na hiyo ya pili ilikuwa ghali zaidi. Jibu nililompa nitalieleza hapa chini. Swali lake lilinikumbusha mtu ambaye wafanyabiashara wengi hawajapata kumsikia.

Gary Kildall alizaliwa Seattle, Marekani, tarehe 19 Mei, 1942. Familia yake ilikuwa na shule ya kufundisha mabaharia kuongoza meli, naye alifundisha hapo akiwa kijana. Alisoma Chuo Kikuu cha Washington hadi shahada ya uzamivu mwaka 1972, akawa mwalimu katika chuo cha Jeshi la Wanamaji mjini Monterey, California.

Kompyuta za wakati ule zilikuwa mali ya serikali na makampuni makubwa. Hapa kwetu Wizara ya Fedha ilipata ya kwanza katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Mwaka huo huo Kildall alifanikiwa kuendesha mfumo alioubuni, CP/M, kwenye kompyuta ndogo yenye diski.

Mfumo endeshi ni kama mtunza ghala. Programu ya hesabu haiendi yenyewe kwenye diski wala printa, bali humwagiza mtunza ghala. Tatizo lilikuwa kwamba kila mashine ilihitaji mtunza ghala wake. Kildall alitenga sehemu ndogo tu inayovijua vifaa vya mashine husika, akaiita BIOS. Kiwanda kikitoa kompyuta mpya, sehemu hiyo ndiyo iliyobadilishwa, mengine yakabaki yalivyo. Mwandishi wa programu aliweza sasa kuandika mara moja na kuuza kwa wenye mashine za viwanda vingi. Kwa jicho la mchumi, hapo ndipo soko lilipozaliwa. Yeye na mkewe, Dorothy McEwen, walianzisha kampuni ya Digital Research, na hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 CP/M ilikuwa imeenea kwenye kompyuta ndogo za biashara.

Mwaka 1980 IBM ilihitaji mfumo kwa ajili ya kompyuta yake mpya. Wajumbe wake walipofika Pacific Grove, Kildall alikuwa amerusha ndege yake kwenda kumwona mteja, na Dorothy akasita kutia saini hati ya usiri waliyokuja nayo. Yaliyofuata siku ile yalisimuliwa tofauti na pande zote mbili. Wengi hupenda kusema alipoteza utajiri kwa sababu ya ndege. Mimi naona bei ilikuwa na uzito zaidi.

Microsoft ya Bill Gates iliuchukua mfumo ulioandikwa na Tim Paterson wa kampuni ndogo ya Seattle, uliofuata sana mtindo wa CP/M, na Julai 1981 ikaununua moja kwa moja kwa dola 50,000. Iliwapa IBM, lakini ikabaki na haki ya kuwauzia watengenezaji wengine. Kildall alilalamika, na IBM ikakubali kuuza mfumo wake pia. Mnunuzi akakuta PC DOS kwa dola 40 na CP/M-86 kwa dola 240, tena hiyo ya pili ilichelewa hadi 1982. Nani angelipa mara sita?

Kildall hakufa maskini. Novell iliinunua Digital Research mwaka 1991, naye kwa miaka kadhaa alikuwa mtangazaji mwenza wa kipindi cha televisheni kuhusu kompyuta. Alifariki Monterey tarehe 11 Julai, 1994, siku tatu baada ya kuumia kichwa, akiwa na miaka 52. Aprili 2014 kibao cha kumbukumbu yake kiliwekwa Pacific Grove.

Sasa lile jibu. Pro inafaa ofisi yenye kompyuta nyingi zinazosimamiwa pamoja, au mtu anayetaka kuifungua mashine yake akiwa mbali. Kwa mashine moja ya kuandika magunia, Home inatosha, na siku biashara ikikua unaweza kulipia upandishwe hadi Pro bila kununua kompyuta nyingine. Nilimwonya pia asivutwe na mashine ya bei poa isiyoweza kuvuka Windows 10, kwani huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba, 2025.

Alichukua Home. Fedha iliyobaki akanunua diski ya nje, ili nakala ya madeni ya wakulima ikae nyumbani Kolo, mbali na kompyuta yenyewe.