Crick na Herufi Iliyofutwa

Mchumaji wa chai wa Kericho au Bomet huchuma majani mawili pamoja na chipukizi lake, yaani vitatu kwa mkupuo mmoja. Maagizo ya uhai nayo husomwa kwa utatu. Aliyeongoza kazi ya kulithibitisha jambo hilo ni Francis Crick, na njia aliyoipitia yafaa kuwafikirisha walimu wetu.

Crick alizaliwa Uingereza mwaka 1916, katika jamaa ya wenye kiwanda cha viatu. Alisomea fizikia, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili alibuni mabomu ya kutegwa baharini. Alikuwa amepita umri wa miaka 30 alipoigeukia biolojia. Mwaka 1953, huko Cambridge, yeye na James Watson walieleza umbo la DNA. Shahada yake ya udaktari aliipata baadaye, mwaka 1954.

Swali likabaki: herufi 4 za DNA huagizaje asidi amino 20 zinazojenga protini? Mwaka 1961 Crick, Sydney Brenner na wenzao walilijibu kwa kuharibu. Walichukua virusi vishambuliavyo bakteria, ambavyo jeni yao moja ilikuwa imepunguziwa au kuongezewa herufi. Ikipungua moja, jeni ililemaa. Zikipungua mbili, vivyo hivyo. Zikipungua tatu zilizo karibu, mara nyingi ilifufuka!

Kiswahili chatosha kulifafanua. Tuandike MTI HUU UNA UFA, na tusome herufi tatu tatu. Tukifuta T, twapata MIH UUU NAU FA. Kuanzia penye pengo hadi mwisho, maana imekufa. Protini nayo hupokea asidi amino zisizo zake, na aghalabu hukatika kabla ya kukamilika. Tukifuta T, I na H, twapata MUU UNA UFA: neno moja limeharibika, yaliyobaki yamepona.

Crick alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1962 kwa kazi ya umbo la DNA, akafariki California mwaka 2004. Funzo lake ni kwamba kosa hufichua kanuni. Mwanafunzi aandikaye mbwa nzuri ameifahamu ngeli ya nyumba na nguo, ila ameivusha mpaka hadi kwa viumbe. Kabla ya kalamu nyekundu kupita, mwalimu na aulize ni kanuni ipi iliyomfikisha hapo.