Daniel Elmer Salmon
Daniel Elmer Salmon (23 Julai 1850 – 30 Agosti 1914) alikuwa daktari wa mifugo kutoka nchi ya Marekani. Jina lake limebaki katika jenasi ya Salmonella, bakteria wa utumbo wanaoambukiza watu na wanyama.

Alizaliwa Mount Olive, New Jersey, akafiwa na wazazi wote wawili angali mtoto. Mwaka 1876 alipata shahada ya udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Cornell, ya kwanza kutolewa Marekani. Tangu 1884 hadi 1905 aliongoza ofisi ya serikali iliyopambana na magonjwa ya mifugo. Ndiyo iliyotokomeza homa ya mapafu ya ng'ombe nchini humo.

Mwaka 1885 msaidizi wake, Theobald Smith, alipata bakteria hao kwa nguruwe waliougua kipindupindu cha nguruwe. Sifa ilimwendea mkuu. Tena walidhani wamepata chanzo cha ugonjwa, kumbe ni virusi. Hata hivyo, mwaka 1900 jenasi ilipewa jina la Salmon.

Leo zinajulikana aina zaidi ya 2,500. Mojawapo, Typhimurium, ina tawi liitwalo ST313 lililoenea Afrika kusini mwa Sahara: huingia katika damu ya watoto wadogo, hasa wenye malaria au utapiamlo, na ya watu wazima wenye VVU, na mara nyingi ni sugu kwa dawa za kawaida.

Salmon alifariki Butte, Montana, kwa nimonia.