Padre Moses Coady na Deni Lisilokwisha

Sisi tuliokulia katika vijiji vya Kilimanjaro hatuhitaji kuelezwa maana ya mkopo wa kausha damu. Mama anayeuza ndizi Mbuyuni au mitumba Kiboriloni anapewa fedha asubuhi moja bila maswali mengi, na kuanzia hapo anadaiwa rejesho kila wiki, pengine kila siku. Akikwama, anakopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza. Mwisho wake tunaujua: televisheni inabebwa, magodoro yanabebwa, na mama anaacha kuja kwenye Jumuiya kwa aibu. Tukiwa likizo parokiani tumeingia katika nyumba za namna hiyo, na mara nyingi tumetoka bila kujua la kusema. Kwa hiyo tumeona vema kusimulia maisha ya padre aliyekutana na tatizo hilihili karibu miaka mia moja iliyopita, mbali sana na hapa, kando ya bahari ya baridi.

Moses Michael Coady alizaliwa tarehe 3 Januari 1882 katika bonde la Margaree, kisiwa cha Cape Breton, mkoa wa Nova Scotia, mashariki mwa Kanada. Wazazi wake walikuwa wakulima Wakatoliki wenye asili ya Ireland, na yeye alishika jembe kabla ya kushika vitabu kwa dhati. Alisoma Chuo Kikuu cha Mtakatifu Fransisko Ksaveri katika mji mdogo wa Antigonish. Mwaka 1905 alitumwa Roma, katika Chuo cha Urbano cha Propaganda Fide, ambako mapadre wengi wa Afrika nao wamesoma. Alihitimu falsafa na teolojia, akapewa daraja la upadre mwaka 1910, kisha akarudi Antigonish kufundisha.

Angeweza kuzeekea darasani. Aliyemtikisa alikuwa binamu yake, Padre James Tompkins, ambaye mwaka 1921 alitoa kijitabu akidai kwamba elimu ya chuo kikuu iwafuate watu wa kawaida huko waliko. Baadaye Tompkins alihamishiwa Canso, parokia ya wavuvi maskini, na huko akaona jinsi deni linavyofanya kazi.

Ilikuwa hivi. Msimu ulipoanza, mfanyabiashara wa samaki alimkopesha mvuvi nyavu, kamba, unga na chai. Msimu ulipokwisha, mfanyabiashara huyohuyo alipokea samaki wote. Bei ya unga aliipanga yeye, na bei ya samaki aliipanga yeye. Hesabu ilikuwa katika daftari lake, na mara nyingi mvuvi hakuishika hata sarafu moja mkononi. Alivua mwaka mzima, na mwaka ulipokwisha alikuwa bado anadaiwa. Wazee wetu wanaolima kahawa wataelewa haraka. Ndugu zetu wa Kagera wana neno lake, butura: kuuza kahawa ikiwa bado maua kwa sababu nyumbani hakuna ada ya shule wala chakula. Anayenunua maua ndiye anayepanga bei, na anayeuza hana nguvu ya kukataa.

Tarehe 1 Julai 1927, Kanada ilipokuwa ikisherehekea miaka 60 ya taifa, wavuvi wa Canso walikusanyika kulalamika badala ya kushangilia. Kelele zao zilisikika, serikali ikaunda tume ya uchunguzi, na Padre Coady alikuwa mmoja wa waliotoa ushahidi mbele yake. Mwaka 1928 chuo chake kilianzisha idara ya elimu kwa umma na kumweka yeye kuwa mkurugenzi. Alikuwa na umri wa miaka 46. Mwaka 1930 aliwasaidia wavuvi kuunda chama chao cha pamoja ili wauze samaki kwa sauti moja.

Njia yake ilikuwa rahisi, nasi tunaijua tayari bila kujua kwamba tunaijua. Alifika kijijini, akaitisha mkutano mkubwa ukumbini, akazungumza kwa nguvu. Kisha watu waligawanyika katika vikundi vidogo vya majirani vilivyokutana kila wiki nyumbani kwa mmojawapo, mara nyingi jikoni penye moto. Hawakuanza na nadharia. Walianza na swali la mfukoni: fedha yetu inakwenda wapi? Asiyejua kusoma alisomewa. Walipiga hesabu ya unga, ya samaki, ya riba, na baada ya miezi ya kujifunza waliamua la kufanya. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 kulikuwa na vikundi zaidi ya 1,000. Walikaribishwa Wakatoliki na Waprotestanti vilevile, kwa kuwa deni halikuuliza dhehebu la mtu.

Kutoka jikoni humo vilizaliwa vyama vya akiba na mikopo. Wazo lenyewe halikuwa la Coady. Lilianzia Ujerumani kwa Friedrich Wilhelm Raiffeisen katika karne ya 19, na mwaka 1900 Alphonse Desjardins alilipanda Quebec. Mwaka 1932 Nova Scotia ilipata sheria yake ya vyama hivyo, na watu wa Coady wakaanza kuvifungua kwa wavuvi, wakulima na wachimbaji wa makaa ya mawe. Mwanachama alianza kwa kuweka akiba, hata senti chache. Aliyekopa alikopa kwa majirani waliomjua. Riba ilijulikana tangu mwanzo, hesabu zilikuwa wazi kwa wanachama, na kila mtu alikuwa na kura moja, awe na akiba kubwa au ndogo. Mkopaji alikuwa mmoja wa wenye chama.

Miaka ileile wakulima wa mlima wetu walikuwa wakihangaika na jambo hilohilo. Kahawa, iliyopandwa Kilema na wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa imeingia katika vihamba vya Wachagga, na walowezi hawakupenda ushindani huo. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU. Mchagga mwenye kihamba kidogo na mvuvi wa Canso hawakujuana, lakini walifikia jibu moja: anayeuza peke yake na kukopa peke yake hana ulinzi.

Padre Coady hakukosa wapinzani. Wafanyabiashara walimchukia, wengine walimwita mkomunisti, na wapo walioona kwamba padre angebaki altareni. Yeye aliona kwamba mtu aliyefungwa na deni hawezi kuwa huru hata katika mambo ya roho, na aliegemea mafundisho ya Papa Leo wa 13 na Papa Pius wa 11 kuhusu haki ya wafanyakazi. Si kila chama alichokianzisha kilisimama, na aliyekosa hata senti ya akiba aliweza kubaki nje. Mwaka 1939 aliandika kitabu kuhusu kazi hiyo. Mwaka 1952 moyo ulimlazimisha kupumzika, na tarehe 28 Julai 1959 alifariki Antigonish. Mwaka huohuo chuo kikuu chake kilianzisha taasisi yenye jina lake, ambayo imewapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo. Hapa Moshi chuo chetu wenyewe cha ushirika kilianza mwaka 1963, na sasa ni chuo kikuu.

Tumejiuliza: Padre Coady angefanya nini Kiboriloni leo? Tunayo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayotaka watoa mikopo wasajiliwe au wawe na leseni, na inayogusa hadi vikundi vyetu vya vikoba. Ni jambo jema. Lakini sheria haikai jikoni na mama usiku anapopiga hesabu.

Tuchukue mfano. Mtu anakopeshwa shilingi 100,000, arudishe 10,000 kila wiki kwa wiki 12. Jumla ni 120,000, naye anaambiwa riba ni asilimia 20. Lakini kila wiki anarudisha sehemu ya mtaji, hivyo kwa wastani amekaa na karibu nusu tu ya fedha ile. Amelipa 20,000 kwa kutumia kama 54,000, yaani zaidi ya theluthi moja, na haijafika hata miezi mitatu. Kama alikatwa ada ya fomu siku ya kwanza, ni zaidi ya hapo. Hesabu hii haihitaji shahada. Inahitaji kalamu, daftari na mtu wa kukaa naye kabla hajatia sahihi.

Nasi tuseme ukweli kuhusu vikoba vya parokia zetu. Kikundi kinaweza kumlinda mtu, na kinaweza pia kumkamua, wenzake wanapokwenda mlangoni kwake kumtukana kwa kuwa wao ndio wadhamini. Tofauti ni kama wanakikundi walijifunza pamoja kabla ya kukopeshana, na kama daftari liko wazi.

Coady alikuwa na shahada ya falsafa kutoka Roma, akaipeleka penye harufu ya samaki. Sisi mafrateri tunaosoma falsafa tunasemwa mara nyingine kwamba tunaelea juu ya mawingu ya Kibo. Likizo ijayo, Jumuiya zikikubali, tunaweza kuomba nusu saa baada ya sala, tukae na kalamu, tuanze na swali lake: fedha yetu inakwenda wapi? Na kabla ya hapo, twende kwanza kumtembelea yule mama aliyeacha kuja.