Nicolas Poussin na Picha ya Mavuno
Nicolas Poussin alizaliwa mwaka 1594 karibu na Les Andelys, katika nchi ya Ufaransa. Mwaka 1624 alifika Roma, na huko ndiko alikofanya kazi karibu maisha yake yote.

Alipokuwa mzee mikono yake ilitetemeka, hata kushika brashi ikawa taabu. Ndipo mkuu mmoja wa Ufaransa, Duke wa Richelieu, alipotaka achorewe picha nne za majira ya mwaka. Poussin hakukataa. Alianza mwaka 1660, akamaliza mwaka 1664.

Wachoraji wengi, wakitaka kuonyesha majira ya mavuno, walimchora Bacchus, mungu wa mvinyo wa Warumi wa kale, amevaa taji la majani ya mzabibu. Poussin hakufanya hivyo. Alichora wapelelezi wawili wa Musa wakitoka Kanaani, wamechukua kwa mzegazega kichala cha zabibu, kikubwa ajabu. Na nyuma yao mwanamke yu juu ya ngazi, achuma matunda. Hata hivyo wako wasemao kwamba Bacchus yumo, amefichwa katika zabibu zile.

Poussin alikufa Roma mwezi wa Novemba, 1665. Picha zote nne zimo katika nyumba ya Louvre, mjini Paris, na atazamaye karibu huona alama za mkono uliotetemeka.