Gustave Flaubert Mbele ya Mahakama
Gustave Flaubert, mwana wa daktari mpasuaji, alizaliwa Rouen, Ufaransa, mwaka 1821. Maradhi yalimwachisha masomo ya sheria, akatulia Croisset, kando ya mto Seine. Huko alitumia karibu miaka 5 kuandika Madame Bovary, habari za mke mzinifu aliyejiua kwa sumu. Mwaka 1857 serikali ilimshtaki kwa kuchafua maadili na dini. Wakili wake alijibu kwamba kuonyesha mshahara wa dhambi si kuisifu dhambi. Mahakama ilimkemea, lakini ikamwachilia. Mashtaka yakakitangaza kitabu, kikanunuliwa kwa wingi. Mwaka 1864 Kanisa lilikitia katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Mwenyewe alifariki mwaka 1880. Orodha ile ilikoma mwaka 1966. Basi wazazi na walimu wajue: katazo peke yake halimlindi msomaji, sharti afundishwe kupambanua.