DAKTARI MWENYE JICHO MOJA

Wenzangu wengi hudhani kuwa daktari wa kansa huisomea kansa tangu siku ya kwanza chuoni. Sivyo! Hebu tumwangalie Denis Burkitt.

Alizaliwa Ireland mwaka wa 1911, na alipokuwa na miaka 11 alipoteza jicho la kulia. Mnamo 1929 alijiunga na chuo cha Trinity mjini Dublin, tena kusomea uhandisi. Baadaye akahamia udaktari, akahitimu 1935, kisha akafuzu upasuaji huko Edinburgh mwaka wa 1938. Miaka tisa nzima, na kansa bado.

Mwaka wa 1946 alikuja Uganda, akaanzia Lira halafu akaenda Mulago, Kampala. Hapo, 1957, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Si muda akaona mwingine vilevile kule Jinja. Basi akaanza kupekua mafaili ya wagonjwa, akaona ni kansa moja, na yaua watoto upesi mno.

Hilo hakulikuta darasani. Mwaka wa 1961 yeye na madaktari wawili walipanda gari kuukuu la Ford, wakafika hadi Afrika Kusini na kurudi, kama kilomita 16,000 hivi, wakiulizia watoto wa aina hiyo hospitali baada ya hospitali. Wakagundua ugonjwa huo hupenda sehemu zenye joto na mvua.

Dawa zilipojaribiwa, baadhi ya watoto walipona kabisa, bila kisu cha mpasuaji huyu. Alifariki mwaka wa 1993.